Kihariri

Kompyuta ilitoka ofisi ya mizigo, stesheni.
Haina kipanya, haina picha,
skrini nyeusi tu, na alama ndogo inayopepesa
kama mtu aliyeitwa akasahau ameitwa na nani.
Nilimpa Sizya elfu kumi na tano, na soda.

Nilitaka kuandikia orodha za chama cha wafuga nyuki.
Ndani hamkuwa na cha kuandikia.
Mlikuwa na ganda. Wanaliita hivyo, kama la karanga:
lugha ya amri fupifupi
inayofunga sharti lake
kwa kuliandika neno lilelile kinyumenyume.

Baba alicheka niliposema hivyo.
"Behewa hilo. Huingia kwa kichwa, hutoka kwa mkia."
Miaka thelathini na mmoja alivuta wenzo wa njia
hapa Tabora, reli inapojiuliza:
Kigoma, Mwanza, au Mpanda?

Nikaanza na kitanzi.
Soma mstari. Utende. Rudi. Soma mstari.
Nikapanga herufi zangu, za Kiswahili,
maana nani alisema kufuta lazima kuanze kwa herufi ya ugenini?
O, onyesha. A, andika.
F saba, futa mstari wa saba.
H, hifadhi. T, toka.
Kila herufi na reli yake.

Baba akasogeza kigoda.
"Na ikija treni usiyoijua?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nikabonyeza Z.
Kimya. Haikukataa, haikukubali.
"Stesheni haikosi njia ya pembeni," akasema,
nikaweka nyota mwishoni, ipokee chochote,
na maneno mawili: Sijaelewa. Rudia.

Usiku wa tatu nikafungua orodha ya wanachama:
majina mia na manane, Sikonge mpaka Ipole,
mizinga, kilo, madeni.
Nikamfuta mmoja aliyehamia Urambo,
matokeo nikayaelekeza humohumo, faili lilelile.
O.
Hakuna.
O.
Baiti sifuri.

Kumbe ganda huosha kibuyu kwanza,
ndipo ligeuke kuuliza
maziwa yaliyokuwamo yako wapi.

Sikulia. Nilifunika skrini kwa kanga
nisiione ile alama ikipepesa.

Asubuhi nikaenda Kiloleni kwa Bi Kalunde,
mtunza hazina, mwenye daftari la zamani.
Kurasa zimegandana kwa asali.
Alizibandua kwa kisu cha mezani na maji ya moto,
akisoma kwa sauti, nami nikiandika kwa kalamu:
Mihayo, mizinga kumi na sita. Nyanzala, minane.
Ukurasa mmoja ulichanika, tukaupigia simu,
jina kwa jina, mchana kutwa.
Na yule wa Urambo alikuwamo.
Nikamwandika. Mkono ulikataa kumruka.

Sasa kihariri huandika kando kwanza, faili la muda,
kikihakikisha limejaa ndipo hulipa jina la lile la kale.
"Ndiyo," baba akasema, "hupeleki treni
kabla hujasikia kuwa mbele kweupe."
Mistari sitini na mmoja, programu nzima.
Sizya anasema ipo bora, ya bure, duniani kote.
Najua. Haina F yangu.

Jana baba alinikalisha niandike barua yake ya mafao,
ya nne hii. Anwani aliitaka juu, kulia,
kama alivyofundishwa shule.
Lakini kihariri hula nafasi za mwanzo wa mstari,
bado sijajua kwa nini,
kikaivuta anwani yote kushoto, ikabanana ukutani.

Akaitazama kitambo.
"Iache. Wenyewe watajua imetoka wapi."

H, nikabonyeza.
Kisha akanyoosha kidole taratibu,
akasikiliza kwanza, sijui nini,
akabonyeza T mwenyewe.